Uzoefu wangu na kapsuli za hamira wakati wa dozi ya antibayotiki

Antibayotiki zikiingia tu, tumbo langu huharibika. Safari hii mfamasia alinishauri niongeze kapsuli za Saccharomyces boulardii za 250 mg, nikawa nameza asubuhi na jioni mpaka dozi ilipoisha. Gesi ilinisumbua mwanzoni, lakini sikuhara hata kidogo.

Probayotiki, yaani vijidudu hai vinavyomezwa ili kusaidia tumbo, nyingi ni bakteria. Huyu ni fangasi, ndugu wa hamira ya mkate, na ukifungua kapsuli utaona unga wa rangi ya krimu unaonukia hamira kabisa. Mfaransa Henri Boulard ndiye aliyemgundua kwenye maganda ya laichi na mangosteni huko Indochina, miaka ya 1920. Kwa kuwa ni fangasi, antibayotiki haimuui, na hiyo ndiyo faida yake kubwa. Wakati bakteria wa tumboni wanafyekwa, na Candida, fangasi mwingine ambaye huishi kimya matumboni mwa wengi wetu, anapata upenyo wa kuzaliana, hamira hii inaendelea na kazi.

Lebo ya kopo langu ilidai kwamba kapsuli hizi "husafisha fangasi wote tumboni". Hapo sikubaliani nayo hata kidogo. Maabara zimeonyesha kwamba hamira hii humpunguzia Candida uwezo wa kujishikiza kwenye seli za utumbo, ila kumzuia asijishikize si kumfagia. Tena yenyewe haiweki makazi: ukiacha kumeza, baada ya siku chache haipo tena. Na kwa nini tutake fangasi wote waishe? Wao ni sehemu ndogo sana ya vijidudu vya utumbo, na mtu mwenye afya anao.

Ukiwa kwenye dawa ya fangasi kama fluconazole, usipoteze hela yako, maana dawa hiyo inaweza kuidhoofisha au kuiua hamira pia. Kwa dozi ya antibayotiki naipa nyota nne, na nitanunua tena.

Nyota ya tano nimeizuia kwa sababu ya onyo. Mgonjwa mahututi, mwenye kinga dhaifu au aliyewekewa mrija kwenye mshipa mkubwa wa damu asipewe kapsuli hizi, kwani fangasi huyu anaweza kuingia kwenye damu. Hata kufungulia kapsuli karibu na mgonjwa mwenye mrija ni hatari, kwa sababu unga hurukia mikononi na hewani. Jambo zito hivyo wameliandika nyuma ya kopo, kwa herufi ndogo mno.