Zoom H1n kwa sisi tulioingia redioni baada ya kustaafu: maoni yangu baada ya kuitumia kwenye kipindi cha wakulima

Nianze na jibu kwa wenye haraka. Kama umestaafu au unakaribia kustaafu na redio ya jamii ya kwenu imekupa kipindi cha mazungumzo, kitu cha kwanza kununua kwa hela yako ni kinasa sauti kidogo cha mkononi, na hii Zoom H1n inatosha kabisa. Usikimbilie maiki kubwa ya kusimama mezani wala laptopu mpya wala hedifoni za bei mbaya, studio tayari ina maiki. Ambacho studio haina ni sauti ya yule mama wa kijiji cha mbali ambaye hana nauli ya kuja mjini na hana vocha ya kupiga simu kipindi kikiwa hewani, na hiyo sauti lazima mtu aifuate.

Mimi nilikuwa bwana shamba huku kanda ya ziwa, kazi yangu yote ya utumishi imeishia kwenye pamba, mihogo na mahindi ya watu. Serikalini unaweza kuondoka kwa hiari ukifika 55, lazima ni 60, mimi nilienda mpaka mwisho, alafu redio ya jamii ya hapa wilayani wakaniomba niongoze kipindi cha wakulima cha jioni. Posho ni ya kujitolea kama ilivyo kwenye redio nyingi za jamii kwahiyo usije kwa ajili ya hela. Lakini nasema kwa moyo wote hii ndo kazi iliyonifanya nielewe kwanini nilizunguka vijijini miaka yote ile. Wasikilizaji bado wananiita bwana shamba, hata hewani mtu anapiga simu anaanza na salamu ya jioni ya Kisukuma, "mwadila bwana shamba", kabla hajasema anatokea wapi, na napenda waendelee hivyo hivyo.

Nasema haya kwasababu ukitaka kujua mashine ni nzuri au mbaya lazima ujue inaenda kufanya kazi gani. Vijana wa pale studio wana sauti nzuri, wanajua miksa, wanajua kuingiza jingo, ule wimbo mfupi wa kutambulisha kipindi, kwa wakati, siwezi kushindana nao huko na wala sina haja. Sisi wazee tunachokuja nacho ni watu. Najua kijiji gani mihogo iliharibika na nani aliiokoa mbegu, namjua mzee ambaye hatoi neno mbele ya wageni ila ukikaa naye chini ya mti anakupa somo zima. Kwahiyo mashine ya mtangazaji mzee ni ile inayoingia mfukoni na kukaa na huyo mzee chini ya mti bila kumtisha.

Na jambo lenyewe sio geni kwetu. Waliokuwepo wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya mwaka 1973 enzi za Radio Tanzania, watu wanakaa kwenye vikundi wanasikiliza kipindi, wanajadiliana, wanaenda kuchimba vyoo, inakadiriwa walishiriki watu wazima milioni mbili. 1975 ikaja Chakula ni Uhai kwa mtindo uleule. Na ng'ambo ya ziwa, pale Homa Bay Kenya, redio ya jamii ilifunguliwa 1982 kwa msaada wa UNESCO, serikali ikaifunga 1984. Nikiwa najiandaa kwa kipindi huwa nawaza hao watu walifanya kazi kwa mitambo mizito kiasi gani, mimi naondoka nyumbani na kitu cha gramu 60 bila betri.

Sasa mashine yenyewe. Ilitoka 2018. Juu ina maiki mbili zimepishana kwa pembe ya nyuzi 90, zinachukua sauti kulia na kushoto kwa pamoja. Mbele kuna kitufe kikubwa chekundu cha kurekodi, unabonyeza mara moja inaanza, unabonyeza tena inasimama, basi. Juu yake kuna gurudumu la kuongeza na kupunguza sauti inayoingia, lina namba mpaka 10, unalizungusha kwa kidole gumba ukiangalia mistari inavyocheza kwenye kioo. Nimelisifia sana hilo gurudumu kwa wenzangu maana macho yetu sio ya vijana, mashine zenye menyu ndani ya menyu zinatuchosha, ukiwa shambani jua limekuwakia kwenye kioo hutaki kutafuta mahali pa kupunguza sauti, unataka kulishika gurudumu na kulizungusha. Mambo mengine ya muhimu yamewekewa vitufe vyake chini ya kioo, kuna cha kuzuia sauti isipasuke mtu akicheka ghafla, kuna cha kukata mngurumo wa chini kama wa jenereta au upepo, kuna cha mashine kujipangia kiwango yenyewe, na kuna cha kuchagua aina ya faili.

Hicho cha mashine kujipangia yenyewe naomba usikitumie kwenye mahojiano. Kazi yake ni kupandisha sauti ikiwa ndogo na kushusha ikiwa kubwa, sasa mzee akinyamaza kufikiri, na wazee wananyamaza, mashine inaona kimya inapandisha kila kitu, unasikia kuku, pikipiki, mtoto wa jirani, vyote vinakuja mbele alafu mzee akianza tena vinarudi nyuma. Panga mwenyewe kabla, muulize amekula nini asubuhi au ametoka wapi, akijibu weka gurudumu mistari ifike kama robo tatu ya kioo, umemaliza.

Umbali ni shubiri moja kutoka mdomoni, na usiielekeze moja kwa moja kwenye pumzi, iweke pembeni kidogo. Chombo kina tundu la skrubu la kufungia stendi nyuma, mimi nina kale kastendi kafupi ka miguu mitatu nakaweka kwenye kigoda katikati yetu. Nashauri hivyo kwasababu vinasa vyote vya plastiki vidogo namna hii vinachukua sauti ya vidole vyako ukivishika, na pia mikono ikiwa huru unaongea na mtu kama mtu, unamwangalia usoni.

Kuna spika ndogo nyuma ambayo wengi wanaidharau maana sauti yake ni ndogo na nyembamba, kwangu mimi ni moja ya sababu za kuisifia hii mashine. Ukimaliza mahojiano unamsikilizisha mwenyewe palepale. Mama mmoja wa mihogo alisikiliza kipande chake chote akasema hapa nimekosea jina la mbegu, rudia, tukarudia, na tangu hapo kila nikienda kile kijiji watu wanakuja wenyewe kuongea. Mtu akijisikia kwanza anajua hujaja kumchota maneno ukayapeleke usikojulikana. Kwa sisi ambao tulienda vijijini miaka mingi na fomu za takwimu, tukajaza, tukaondoka na majibu hayakurudi, hiki ni kitu kikubwa sana.

Wengi wataniuliza kwanini usitumie simu tu. Simu inarekodi na kama ndo uliyonayo anza nayo. Ila inaita katikati ya mahojiano, inaleta meseji, chaji yake unaihitaji kwa tochi na kwa kutuma hela, na maiki yake imetengenezwa ikae karibu na mdomo wa mtu mmoja. Alafu sauti ukiituma studio kama voisi noti ya WhatsApp inabanwa ili iwe nyepesi, ikipita tena kwenye mitambo ya kurushia inasikika kama mtu yuko ndani ya pipa. Na mzee ukimnyooshea simu anadhani unachati. Ukiweka kinasa mezani anakaa vizuri, anarekebisha kofia, anajua hii ni kazi.

Faida ya sauti safi niliiona kwenye mihogo. Ugonjwa wa batobato mkulima anauona kwenye majani, ule wa michirizi kahawia ni mjanja zaidi, majani yanaweza yakaonekana hayana shida kubwa ukaja kung'oa unakuta muhogo umeoza ndani kwa madoa makavu ya kahawia. Sasa utauelezaje redioni kwa mtu asiyekuona? Nilirekodi mama anakata muhogo mzima, kisu kinapita kraa, alafu anakata ulioharibika, anaeleza kwa maneno yake kisu kinavyokwama na kile anachokiona. Tulivyorusha hicho kipande simu ziliingia mpaka muda wa taarifa ya habari, watu wanasema na wao wamekata na wamekuta hivyohivyo. Ningeweza kukaa studio nikasoma maelezo ya watafiti wa kituo cha kilimo cha Ukiriguru, ni maelezo mazuri na mimi nayategemea, ila kile kisu kilifanya kazi ambayo karatasi haiwezi.

Vilevile viwavijeshi vamizi, hawa walithibitishwa nchini 2017 na bado watu wanawachanganya na viwavi wengine. Redioni huna picha, lazima mkulima mwenyewe aeleze akiwa amemshika, kichwani kuna alama kama Y iliyopinduliwa na karibu na mkiani kuna vidoa vinne vyeusi vimekaa kama pembe nne. Mkulima akieleza hivyo akiwa shambani, unasikia majani ya mahindi yanamgusa, msikilizaji anaamini huyu anakiona anachokisema. Mtangazaji mzee kazi yako hapo ni kuuliza swali fupi na kunyamaza, na kunyamaza ndo kugumu kwetu tuliozoea kufundisha.

Upande wa faili. Ukirekodi WAV ya kawaida, yaani faili la sauti isiyobanwa la biti 16 kwa kilohezi 44.1, dakika moja inakula kama MB 10, saa nzima ni MB 600 na ushee, kwahiyo memori kadi ya GB 32, ambayo ndo mwisho wake hii H1n, inabeba masaa karibu 50. Ukichagua MP3, faili lililobanwa, ya kilobiti 128 kwa sekunde, dakika ni kama MB moja tu. Mimi narekodi WAV siku zote alafu nageuza MP3 mwishoni, maana ukishabana sauti huwezi kuirudishia kilichotoka. Memori kadi nunua duka unaloliamini na uijaribu hapohapo, mtaani kuna feki nyingi zinaandikwa GB 32 na ndani hamna kitu, utarekodi mzee wa watu saa nzima ufike nyumbani faili halifunguki.

Kukata na kuunganisha natumia Audacity, ni programu ya bure ipo tangu 2000, kompyuta ya zamani inaibeba bila shida. Inakuonyesha sauti kama milima, unachagua kipande unafuta. Fundi mitambo wetu, kijana wa umri wa mwanangu, aliniambia "mzee, usiwakate watu pumzi, ukitoa kila pumzi mtu anasikika kama mashine", nimelishika hilo. Alafu la kwangu naongeza, usiunganishe majibu ya maswali mawili yakawa jibu moja, hata kama yanapendeza hivyo, yule mtu atakusikiliza jioni akiwa na majirani zake.

Mapungufu yapo. Haina tundu la maiki kubwa za waya mnene wa studio, ina jaki ndogo ya milimita 3.5 tu, inatosha maiki ya kubana kwenye kola ila wageni wanne mezani haitakusaidia, hapo rudi studio. Mwili ni plastiki, ifungie kwenye kimfuko. Betri ni mbili nyembamba zile za rimoti, kampuni inasema zinakwenda masaa 10, na ni kweli zinapatikana mpaka duka la kijijini, lakini betri za bei rahisi za huko ni za kuokoa jahazi tu, tembea na jozi ya akiba au za kuchaji. Na upepo wa ziwa bila sifongo ya kufunika maiki hakuna kinasa kitakachokuokoa, sifongo inauzwa pembeni na sio ghali, inunue siku hiyohiyo.

Kuna mdogo wake alitoka 2024, H1essential. Huyo anarekodi kwa biti 32 za mtindo wa float, maana yake hupangi kiwango kabisa, mtu anong'one au apige kelele sauti inarekebishika baadaye kwenye kompyuta. Pia inaweza kusoma menyu kwa sauti, kwa mwenzetu ambaye macho yamepungua sana hiyo ni bora na ningempa hiyo bila kufikiri mara mbili. Ila mafaili yake yanakuwa mazito kama mara mbili na laptopu nyingi za redio za jamii ni za kuungaunga, na mimi binafsi lile gurudumu nalipenda, linanilazimisha kumsikiliza mtu kabla sijaanza kumrekodi.

Bei niliipata Kariakoo laki tatu na ushee, ukienda uliza maduka kadhaa maana zinapishana sana, na hakikisha muuzaji anaiwasha, anarekodi sauti yako na unaisikiliza kwa eafoni kabla hujatoa hela.