Semina ya uraia kwa walimu wa sayansi: siku ya chumvi na siku ya damu

Nilikwenda kwenye semina hii ya siku mbili mjini Hoima, Uganda, nikiwa na mashaka, kwani tangu mtaala mpya wa sekondari ya chini uanze mwaka 2020 tumehimizwa kuingiza uraia na kuheshimiana katika kila somo, lakini ni nadra kuonyeshwa jinsi ya kufanya hivyo mbele ya wanafunzi 80.

Siku ya kwanza iliniondolea mashaka. Mada ilikuwa utenganishaji wa michanganyiko, na mfano ukatolewa Kibiro, ufukweni mwa Ziwa Albert, ambako wanawake wa Kinyoro hukwangua udongo wenye chumvi, huutia katika vyungu vilivyotobolewa chini, huumwagia maji, kisha huchemsha maji yanayodondoka hadi chumvi ibaki. Tuliiga kwa kopo la maziwa ya unga lililotobolewa kwa msumari. Mwalimu mmoja kutoka Teso, akiwa bado anapuliza makaa, akatukumbusha kwamba mrija wa kunywea malwa, pombe ya ulezi, nao una kichujio nchani. Hapo tukapata mfano wa pili ambao wawezeshaji hawakuuandaa. Hakuna aliyehubiri umoja, wala haikuhitajika.

Siku ya pili iliharibika. Katika somo la vinasaba tulipangwa kwa makabila, makundi yetu ya damu yakahesabiwa, na asilimia zikaandikwa ubaoni, ingawa kabila moja lilikuwa na watu watatu tu. Mama yangu ni Mlugbara na baba ni Muganda. Nilipouliza nisimame wapi, niliambiwa nichague, nikabaki mlangoni. Zoezi hilo likifanywa darasani litawafunza watoto kinyume cha kilichokusudiwa. Ingetosha kueleza alichokionyesha mwanajenetiki Richard Lewontin mwaka 1972, kwamba takriban 85% ya tofauti za kijenetiki za binadamu zimo ndani ya jamii ileile, au kwamba kinasaba cha seli mundu kimekithiri palipotawala malaria, hata Uhindi na Uarabuni, bila kujali kabila.

Kijitabu cha mazoezi ni kizuri, ila maandishi yake ni madogo mno. Ada ningeilipa tena kwa ajili ya siku ya kwanza pekee. Kopo lile sasa liko maabara kwetu, na wiki iliyopita kidato cha kwanza walipata chumvi ya kahawia, kijiko kimoja hivi, wakagombea kuionja.