Rivolva nyepesi: kabla ya kulipa, pima fimbo ya kutolea maganda

Malalamiko ninayoletewa na wasomaji yanafanana mno. Mtu ana leseni yake halali, amenunua rivolva ndogo ya mtutu mfupi, ameipeleka kwenye shabaha na risasi tano za kwanza zimetoka bila tatizo. Anafungua silinda, ile sehemu ya duara yenye matundu ya risasi, anasukuma fimbo, maganda mawili ya risasi zilizopigwa yanaanguka na matatu yanabaki yamening'inia. Anaanza kuyachomoa kwa kucha, moja moja, yakiwa ya moto. Dada mmoja mwenye duka la vitenge Kariakoo aliponirudia na kisa hicho, alisema muuzaji alimjibu, "Dada, hiyo bado mpya, itazoea."

Haitazoea. Ndivyo ilivyoundwa, na muuzaji anayejua kazi yake alipaswa kumwambia hivyo kabla hajapokea hela.

Ganda la .38 Special, risasi inayotumika kwenye nyingi ya rivolva hizi, lina urefu wa milimita 29 na kitu. Ili litoke lote kwenye tundu lake, fimbo inatakiwa ilisukume karibu urefu wote huo. Silinda ikifungwa, fimbo hiyo hulala chini ya mtutu, kwa hiyo mtutu ndio unaoipa nafasi. Kwenye rivolva ya mtutu wa inchi 1.875, ile ambayo kila duka linaisifia kwa kuingia mfukoni, nafasi haitoshi. Fimbo inaishia njiani na ganda linabaki limeng'ang'ania kwa nyuma. Ukiwa umetumia risasi zenye nguvu zaidi, zile zilizoandikwa +P, ganda hutanuka na kubana kuliko kawaida, na hapo kucha hazitoshi.

Lipo baya kuliko hilo. Safari ya fimbo ikiwa fupi, ganda moja linaweza kuteleza likaingia chini ya ile nyota inayosukuma maganda. Nyota ikirudi chini, ganda limenaswa na silinda haifungi. Hapo unahitaji mikono miwili, mwanga, na utulivu. Mtu aliyenunua silaha kwa ajili ya kujilinda hapaswi kupangiwa utulivu na fimbo fupi.

Ndiyo maana sitaongelea rangi, wala umbo, wala swali la "inapiga mita ngapi". Hayo mtaambiwa na kila mtu. Mimi napanga kwa jambo moja: je, maganda yote matano yanaanguka kwa pigo moja la kiganja?

Ya kwanza, na kwangu ina nafasi yake peke yake: Ruger LCRx ya inchi 3, ya .38 Special. Sifichi upendeleo wangu. LCR ya kwanza ilitoka 2009, nyepesi ajabu, kama gramu 383, lakini yenye mtutu ule ule wa inchi 1.875 na tatizo lile lile. Halafu Ruger wakaileta LCRx, yenye nyundo inayoonekana kwa nje, na baadaye wakaipa mtutu wa inchi 3. Huo mtutu umeongezeka chini ya sentimita tatu tu, na uzito umepanda hadi kama gramu 445. Kwa ongezeko hilo dogo fimbo imepata nafasi ya kuwa ndefu kweli. Unaelekeza mtutu juu, unapiga mara moja, maganda yanamwagika yote.

Wapo wanaosema mtutu mrefu kwenye bastola nyepesi umeharibu maana ya wepesi wake, kwa sababu haikai tena mfukoni. Nawaelewa, ila siwaungi mkono. Hapa Dar, kwa joto hili na nguo nyepesi tunazovaa, bastola ya mfukoni huonekana umbo lake hata ikiwa na inchi mbili. Anayebeba kihalali atahitaji mkoba wa kiunoni wenye kufunika kifyatulio, na kiunoni hizo sentimita tatu huzisikii. Kinachosumbua kiunoni ni unene wa silinda na uzito, na hivyo viwili havijabadilika kwa kiasi cha kulalamikiwa.

Mtutu huo umeleta na mengine. Kilengeo cha nyuma kinarekebishika, na umbali kati ya vilengeo viwili umeongezeka, kwa hiyo kosa dogo la mkono halikupeleki mbali na shabaha. Mpini ni wa mpira, mkubwa kiasi cha kushikwa na vidole vyote. Nyundo ya nje inakuruhusu kuivuta nyuma kwa kidole gumba na kupiga kwa kifyatulio chepesi unapojifunza, ingawa nashauri mjifunze zaidi kwa kuvuta kifyatulio safari yake yote, maana siku ya siku ndivyo mtakavyovuta.

Fremu yake ya juu ni ya alumini, silinda ni ya chuma kisichoshika kutu, na sehemu ya chini inayobeba kifyatulio ni ya plastiki ngumu. Wazee wengi wakiisikia hiyo plastiki wanakunja uso. Lakini anayeishi Msasani, Kigamboni au Mbezi Beach anajua chumvi ya bahari inavyokula bawaba za madirisha. Chuma cheusi cha zamani kwenye hewa hiyo kinahitaji kupakwa mafuta kila mara, na nani anafanya hivyo? Hii inasamehe zaidi. Haisamehe uchafu chini ya nyota, hiyo hakuna inayosamehe. Masizi yakikaa pale silinda inakuwa nzito kuzunguka, kwa hiyo pitisha brashi kila ukitoka kwenye shabaha.

Ubaya wake nautaja wazi. Ni risasi tano tu. Na wepesi una gharama: inaruka mkononi. Bastola nyepesi ikiruka kwa nguvu, risasi ambazo bado hazijapigwa zinaweza kuanza kuchomoka kidogo kidogo kwenye maganda yake, na ncha ikitokeza mbele ya silinda, silinda inagoma. Jaribu risasi unazotaka kubeba kwa njia hii: piga nne, itoe ya tano, ilinganishe na mpya kutoka kwenye boksi. Ikiwa imerefuka, hizo risasi si za bastola hiyo.

Ya pili: Smith & Wesson Model 60 ya inchi 3. Chuma kitupu, risasi tano, inakubali .357 Magnum, risasi yenye nguvu zaidi, na .38 Special pia. Fimbo yake ni ndefu na maganda yanatoka vizuri. Ni nzito zaidi, na uzito huo ndio unaoituliza mkononi. Kwa anayeiweka nyumbani kwenye sefu na kuibeba mara chache, sitabishana naye hata kidogo. Anayebeba kutwa nzima kwenye daladala na jua atairudisha kwenye sefu baada ya wiki.

Ya tatu: Taurus 856 Defender. Ya Brazili, inchi 3, risasi sita, ilitoka 2020. Bei yake kwa kawaida ni ya chini kuliko hizo mbili, na fimbo yake imerefushwa. Kagua moja moja, usichukue ya kwanza unayopewa. Basi.

Zile za bei ya chini kabisa, za mtutu mfupi zisizo na jina, siziwekei nafasi hapa.

Ila kuna kundi moja lazima niliseme: Webley, rivolva za zamani za Kiingereza za .38, za urithi, ambazo bado zimo kwenye baadhi ya familia. Hizo hufunguka kwa kukunjika katikati kama bunduki ya shotgani, na ukizifungua tu zinasukuma maganda yote nje zenyewe. Waingereza walilijua tatizo hili mapema. Lakini risasi zake si .38 Special. Ganda lake ni fupi zaidi na nene zaidi, na mtu anayekuuzia .38 Special kwa ajili ya Webley kwa sababu tu namba zinafanana anakudanganya, au hajui anachouza. Na urithi wenyewe haumhamishii mtu haki ya kumiliki. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 inataka leseni kwa jina lako. Peleka polisi, fuata utaratibu.

Sasa dukani. Omba maganda matupu matano au risasi bandia. Hakikisha silinda ni tupu, weka maganda, elekeza mtutu juu mahali salama, piga fimbo mara moja. Tazama na upande wa mpini: kwenye bastola nyingi ndogo mpini mnene wa kushoto huzuia ganda la upande huo hata fimbo ikiwa ndefu, na hilo halionekani kwenye picha. Zoezi zima halifiki dakika moja. Ajabu ni wauzaji wanavyolikataa. Wanasema bastola si ya kuchezewa, wakati mteja anauliza jambo la usalama wake mwenyewe. Umeanzia serikali ya mtaa, umepita kwenye kamati za ulinzi na usalama, umesubiri polisi wamalize kukuchunguza, kisha unafika dukani unaambiwa iliyopo ni hii, chukua au acha.

Na bei. Kanuni za 2025 zimekataza kutaja bei za bidhaa za ndani kwa fedha za kigeni, lakini bado wapo wanaokunong'oneza dola, kisha wanazigeuza shilingi kwa kiwango chao wenyewe. Dai bei ya shilingi, iliyoandikwa, na risiti ya EFD yenye namba ya silaha. Kwenye risasi ndiyo wanaumiza zaidi: mtu anauziwa bastola pamoja na boksi moja, anaambiwa zinatosha miaka mitano. Hazitoshi hata kukuonyesha kama maganda yanatoka. Kama hela haitoshi vyote, ahirisha mkoba wa ngozi wa bei mbaya na taa na kila kikorokoro wanachokuwekea kaunta, hela hiyo inunue risasi za mazoezi zisizo na +P, kwa idadi ambayo leseni yako inaruhusu.