PS2 yangu kwenye televisheni bapa: vifaa vitatu nilivyovijaribu Lubumbashi

Televisheni yetu ya chogo ilipokufa, hapa Katuba, nyumba nzima ilifurahi isipokuwa mimi na mdogo wangu. Ile bapa iliyokuja mahali pake ina tundu la AV, lile la nyaya za njano, nyekundu na nyeupe, ndiyo, lakini PS2 (PlayStation 2, mashine ya michezo) ikichomekwa hapo inaonekana kama kioo kimepakwa mafuta: herufi hazisomeki, nyasi za uwanja zimekuwa kijani kimoja tu, namba za jezi utakisia.

Kwenye soko la Kenya, mtaa wa hapahapa Lubumbashi, nikanunua kiboksi cheupe cha kugeuza AV kuwa HDMI, tundu la televisheni za kisasa, dola 10. "Mukubwa, hii njo ya 1080p," muuzaji akaniambia, yaani picha kali ya mistari 1080, na kweli imeandikwa hivyo. Hapo ndipo wengi tunapoumia. Ule waya wa njano unachanganya mwanga na rangi zote katika uzi mmoja tangu picha inapotoka kwenye PS2. Kiboksi kinapokea picha iliyokwisha kuchafuka, kisha kinaikuza pamoja na uchafu wake.

Picha mbaya ningeivumilia. Kuchelewa, hapana. Tuliweka diski ya Crash Bandicoot, mchezo wa PS1 wa mwaka 1996 ambao PS2 inausoma bila shida. Humo mna lile daraja la kamba lenye mbao zilizooza, ukikosea ubao mmoja umekwenda. Mdogo wangu alikuwa analivuka bila kufikiri. Sasa akawa anaanguka, anaanguka tena, mpaka akaweka maneti, kile kidhibiti cha mkononi, chini: "Yaya, minafinya, yee anachelewa kuruka!" Nikaishika mwenyewe. Kweli, kidole kinatangulia, Crash anafuata.

Sababu yake niliielewa baadaye. Michezo mingi ya PS1 hutoa picha ya mistari 240, yote kwa pamoja, mara 60 kwa sekunde. Michezo mingi ya PS2 hutoa mistari 480 kwa zamu, nusu hii kisha nusu ile. Viboksi vingi vya bei ya chini havitofautishi. Vikiona mistari 240 vinadhani ni nusu ya picha, vinaanza kuiunganisha na inayofuata, na hapo muda unapotea na kingo za vitu zinatetemeka.

Kifaa cha pili ni kile kidude kidogo kinachoingia moja kwa moja nyuma ya PS2, dola 15. Hiki hakigusi waya wa njano, kinachukua rangi zikiwa bado zimetenganishwa. Kabla ya kukichomeka, ingia kwenye mipangilio ya PS2 ukitumia waya wa zamani, tafuta Component Video Out, chagua Y Cb/Pb Cr/Pr; usipofanya hivyo rangi zitakuja za ajabu. Kwa michezo ya PS2 nilifurahi sana, namba za jezi zikarudi. Tukaweka Crash: kioo cheusi. Kidude hakiongezi mistari, kinaipitisha ilivyo, na televisheni yetu haikubali 240 kwenye HDMI. Kama huna diski za PS1, nunua hiki, washa modi ya mchezo kwenye televisheni, na usitumie pesa zaidi.

Mimi ninazo. OSSC, kifaa cha kukuza picha za mashine za zamani, ingemaliza shida yote, maana inazidisha mistari bila kuhifadhi picha nzima kwanza, ila bei yake inazidi ya PS2 yenyewe. Nikaagiza GBS-8200, bodi ya kugeuza na kukuza picha, kwa mama mmoja anayeleta mizigo kutoka China, pamoja na ESP8266, kijibodi chenye Wi-Fi. Bodi hiyo ikiachwa na programu ya kiwandani ina kosa lilelile la mistari 240. Ukiweka GBS-Control, programu ya bure, kwenye ESP8266 ili iiongoze, bodi inakuwa kitu kingine kabisa. Fundi wa simu wa Kamalondo alinichomelea nyaya kwa saa moja. Yote pamoja, dola 48.

Inaendeshwa kwa simu: ESP8266 inatoa Wi-Fi yake yenyewe, hakuna haja ya megabaiti. Ina usumbufu wake. Inatoa VGA, tundu la skrini za kompyuta za zamani, kwa hiyo nilinunua adapta nyingine ya HDMI. Sauti haipiti humo, nyaya nyekundu na nyeupe nimezipeleka kwenye spika. Chaja dhaifu ya simu ilileta mistari inayopanda kiooni. Nilipoweka ya volti 5 yenye ampea 2, ikatulia.

Lakini Crash anaruka kidole kinapobonyeza. Jioni ya kwanza mdogo wangu alivuka daraja lote, akarudi mwanzo akalivuka tena, bila kusema neno.

Bodi inakuja uchi, bila ganda. Nimeitengenezea kisanduku cha mbao chenye matundu nyuma tu, kwa sababu kiangazi hapa vumbi jekundu linaingia kila mahali.