Miezi 14 ya faiba nyumbani: niliyoyaona na niliyoyapima

Kila mwanzo wa mwezi nafungua ukurasa wa mipangilio wa kile kisanduku cheupe kilichopo ukutani na kuandika namba moja kwenye daftari. Watu hudhani naandika spidi. Naandika kiasi cha mwanga kinachofika nyumbani kwangu. Faiba ni intaneti inayokuja kwa mwanga ndani ya uzi wa kioo. Siku ilipofungwa namba hiyo ilisomeka -19.5 dBm (dBm ni kipimo cha nguvu ya mwanga: kadiri namba inavyozidi kwenda chini ya sifuri, ndivyo mwanga unavyopungua), na tangu tatizo nitakalolisimulia mbele nimejaza kurasa kadhaa. Ndiyo maana sikuandika maoni haya wiki ya kwanza, wakati kila kitu kipya huwa kizuri. Nimesubiri miezi 14.

Nianze na nilikotoka. Kwa miaka mingi nilitumia intaneti ya waya wa shaba, ule ule wa simu ya mezani. Mimi nahariri video, kwa hiyo mateso yangu hayakuwa kupakua, yalikuwa kupakia. Shaba ilinipa megabiti 5 kwa sekunde siku ilipoamka vizuri. Faili la gigabaiti 40, ambalo kwangu ni kazi ya kawaida, lilihitaji karibu saa 18 kuondoka. Nililiacha usiku likienda, nikaamka alfajiri na kulikuta limekwama asilimia sabini na kitu. Hapo unaanza upya huku mteja anapiga simu.

Tatizo halikuwa uzembe wa mtu. Ishara ya umeme hudhoofika haraka ndani ya shaba kadiri waya unavyorefuka kutoka kituoni, na waya wenyewe hunasa kelele za kila aina: nyaya nyingine zilizofungwa pamoja nao, mota, radi. Nyumba mbili zinazolipia kifurushi kimoja zinaweza kupata spidi zilizopishana sana kwa sababu tu moja iko mbali zaidi.

Faili hilo hilo la gigabaiti 40 sasa linaondoka kwa dakika 54 hadi 57, kwa kifurushi cha megabiti 100 kwenda na kurudi. Angalia upana wa hizo namba mbili. Dakika tatu tu kati ya siku nzuri na siku mbaya! Hicho ndicho nilichokuwa nimekikosa miaka yote: kumwambia mteja "utalipata saa nane" na saa nane ikifika awe nalo.

Siku ya kufunga walikuja mafundi wawili, na nakiri nilisimama pembeni yao muda wote kwa sababu sikuwahi kuona kazi ile kwa macho yangu. Uzi wa faiba ukishavuliwa maganda unabaki kioo chenye unene wa maikromita 125, unaokaribia unywele. Lakini mwanga haupiti humo kote. Unapita kwenye kiini cha katikati chenye takribani maikromita 9 tu. Fundi alifuta uzi kwa spiriti, akaukata kwa kisu maalumu ili ncha iwe bapa kabisa, akauweka kwenye mashine pamoja na uzi uliotoka nje. Kioo cha mashine kilionyesha ncha mbili zimekuzwa, zikasogeleana zenyewe, zikalingana, kisha cheche ya umeme ikaziyeyusha zikawa kitu kimoja. Mashine ikakadiria kwamba mwanga utakaopotea kwenye kiungo kile ni desibeli 0.02. Kwa lugha rahisi, zaidi ya asilimia 99 inapita. Wao wenyewe wanaita kazi hiyo kusplaisi. Vipande vidogo vilivyokatwa alivikusanya kimoja kimoja na kuvitia kwenye kichupa, maana vikidondoka sakafuni huoni, na vikikuchoma mguuni ni shida kuvitoa. Akanionya pia nisije nikachungulia ncha ya uzi ulio hewani: mwanga unaotumika, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 1490 kuja na 1310 kwenda, hauonekani kwa macho, na kutouona hakumaanishi haudhuru.

Nilimwuliza mwanga huo unatoka umbali gani. Kilomita saba na kidogo, akasema.

Kilomita saba ndani ya kioo! Jaribu kufikiria kioo cha dirisha chenye unene huo. Mwaka 1966 wahandisi wawili wa maabara ya Standard Telecommunication Laboratories kule Harlow, Uingereza, Charles Kao na George Hockham, walichapisha hoja kwamba mwanga unaweza kubeba mawasiliano ndani ya uzi wa kioo ikiwa upotevu utashuka chini ya desibeli 20 kwa kilomita. Vioo bora vya wakati ule vilipoteza kama desibeli 1000 kwa kilomita. Maana yake, baada ya mita 20 tu, mwanga uliobaki ulikuwa asilimia moja. Kao alishikilia kwamba kosa si la kioo chenyewe, ni uchafu uliomo ndani yake, hasa chembe za metali, na uchafu unaweza kuondolewa. Mwaka 1970 watafiti watatu wa Corning nchini Marekani, Robert Maurer, Donald Keck na Peter Schultz, walipata uzi uliopoteza desibeli 17 kwa kilomita. Ile asilimia moja ikawa imesukumwa kutoka mita 20 hadi zaidi ya kilomita. Nyuzi za leo hupoteza takribani desibeli 0.2 kwa kilomita kwenye mwanga wa nanomita 1550, kwa hiyo asilimia moja inabaki baada ya kilomita 100 hivi. Kao alipewa Nobeli ya fizikia mwaka 2009, miaka 43 baada ya andiko lile. Mimi ninayepakia video kwa dakika 55 namshukuru kwa dhati.

Sasa, ikiwa kioo ni kisafi kiasi hicho, kwa nini nyumbani kwangu panafika -19.5 dBm, yaani takribani sehemu moja ya mia ya miliwati? Kwa sababu ya mgawanyo. Uzi mmoja kutoka kituoni hufika kwenye kisanduku cha mtaani na hapo hugawanywa mara 32. Kugawanya huko peke yake kunakula kama desibeli 17, wakati kilomita zangu saba za kioo hazili hata 2. Kigawanyo hicho hakitumii umeme wowote, ni kioo tupu, na hilo linapunguza vitu vya kuharibika njiani. Mwanga unaokuja hufika nyumba zote 32 kwa pamoja, data ikiwa imesimbwa, na kila kisanduku huchukua cha kwake tu. Kwenda, kila nyumba hupewa zamu yake ya sehemu ndogo mno ya sekunde. Mfumo wa aina hii, GPON, hubeba takribani gigabiti 2.5 kwa sekunde kuja na 1.25 kwenda, kwa wote mnaochangia uzi. Niliogopa saa za jioni zingekuwa mbaya. Ukiacha zile siku za tatizo ninalolieleza hapa chini, vipimo vyangu vya saa mbili usiku havijashuka chini ya megabiti 93.

Tatizo lilikuja mwezi wa tano, na hapa nataka kueleza kwa urefu kwa sababu naamini wengi wanapitia jambo hili bila kujua.

Simu za video zilianza kuganda. Si kila mara. Asubuhi shwari, usiku sauti zinakatika, mara taa iliyoandikwa LOS, ile ya kuonya kwamba mwanga haufiki, inawaka nyekundu kidogo halafu inazima. Nilipima spidi nikakuta megabiti 90. Nikapima tena baada ya saa moja, 11. Nikapiga simu huduma kwa wateja wa kampuni, nikaambiwa nizime ruta na kuiwasha. Kesho yake nikaambiwa vile vile. Siku ya tatu vile vile, na kila mara nikaanza kueleza upya kwa mtu mwingine. Hilo naliona ni kasoro kubwa ya huduma, kwa sababu kampuni inaweza kusoma kiwango cha mwanga cha mteja kutoka ofisini bila kumtuma mtu. Namba ilikuwepo. Hakuna aliyeiangalia, na wakati huo mimi sikujua kwamba naweza kuisoma mwenyewe.

Siku ya nne fundi alikuja, akafungua ukurasa wa kisanduku, akasoma -27.6. Hakuuliza chochote. Akasogeza kabati. Nyuma yake ule waya mwembamba wa manjano unaotoka ukutani ulikuwa umebanwa na kukunjwa karibu pembe mraba, tangu siku tulipopanga upya chumba. Akaunyoosha. Namba ikarudi -19.6 mbele ya macho yangu.

Desibeli nane zilizokuwa zimepotea pale ni sawa na kubaki na sehemu moja kati ya sita ya mwanga. Vifaa vya aina yangu kwa kawaida vimehakikishiwa kufanya kazi hadi karibu na -27, kwa hiyo nilikuwa naishi ukingoni: kitu kidogo kikitikisika, mawasiliano yanadondoka. Mwanga hubaki ndani ya kiini kwa sababu kioo cha kiini kinaupinda mwanga zaidi kidogo kuliko kioo kinachokizunguka. Tofauti hiyo ni ndogo. Ukiukunja uzi kwa ukali, sehemu ya mwanga haiwezi tena kufuata kona, inatoka nje. Zipo nyuzi za kawaida zisizotakiwa kukunjwa chini ya nusu kipenyo cha milimita 30, na zipo nyuzi zilizotengenezwa kwa ajili ya kona za majumbani, zinazovumilia milimita 10, nyingine 7.5. Mimi nilikuwa nimefungiwa ya kawaida. Fundi alibadilisha papo hapo bila malipo, lakini swali langu linabaki: kwa nini ile inayovumilia kona haikuwekwa tangu mwanzo, ilhali kila nyumba ina kabati?

Tangu siku ile nina daftari.

Kitu kingine alichonifundisha fundi huyo ni kuhusu ile plagi ya kijani. Usiichomoe kwa udadisi. Ncha yake imesuguliwa kwa mshazari wa digrii 8 ili mwanga unaorudi nyuma uende pembeni usivuruge leza, ndiyo maana haipatani na plagi ya bluu, ambayo ncha yake haina mshazari. Na kwa kuwa kiini ni maikromita 9, chembe moja ya vumbi au alama ya kidole inatosha kukiziba. Ikilazimu kuchomolewa, isafishwe kwa kitambaa maalumu kabla ya kurudishwa.

Wi-Fi sitaisema sana. Chumba cha ndani, nyuma ya kuta mbili, napata megabiti 30. Kwa waya napata 95. Faiba inaishia ukutani, kutoka hapo ni redio, na redio ina matatizo yake yale yale. Mashine ya kazi niliiunganisha kwa waya nikamaliza habari.

Umeme ndio kasoro ambayo nadhani kila mtu aambiwe kabla ya kusaini. Simu ya zamani ya shaba iliendelea kufanya kazi nyumba ikiwa gizani kwa sababu ililishwa umeme kutoka kituoni kupitia waya ule ule. Kioo hakipitishi umeme. Ukikatika kwako, kisanduku kinakufa, na kama simu yako ya mezani imehamishiwa kwenye faiba, nayo inakufa, hata ukitaka kumwita daktari. Hakuna aliyeniambia. Nilinunua betri ndogo ya volti 12 inayolisha kisanduku na ruta kwa saa nne hivi, na kwa kuwa njia kutoka kituoni hadi kwangu haihitaji umeme, mara zote nne ulipokatika nilibaki hewani. Upande wa pili wa jambo hilo hilo ni neema: radi haisafiri kwenye kioo. Waya wa shaba uliwahi kuniunguzia modemu mbili. Uliza tu kama waya unaotoka nguzoni una chuma cha kuuimarisha ndani yake, kwani hicho kinapitisha.

Kukatika kabisa kumetokea mara moja, mwezi wa tisa, trekta la kuchimba mtaro lilipokata mkongo mkuu. Saa tisa bila huduma. Nilivutiwa na jinsi walivyojua pa kwenda: wanarusha mpigo wa mwanga ndani ya uzi, wanapima muda wa mwangwi unaorudi kutoka pale ulipokatika, na kwa kuwa mwanga ndani ya kioo huenda takribani kilomita 200,000 kwa sekunde, wanapata umbali karibu kabisa na pale shimo lilipo. Kazi ndefu ni kuunganisha upya, uzi mmoja baada ya mwingine.

Mwanzoni nilichukua kifurushi cha megabiti 300, nikidhani ndicho kinachofaa kwa kazi yangu. Baada ya mwezi mmoja nikashuka hadi 100. Upande wa nyumbani hakuna aliyegundua. Upande wangu kupakia kumerefuka, ndiyo, lakini dakika 55 zisizobadilika zinanitosha, na mkataba ukiisha mwezi ujao nitasaini tena kwa kifurushi hicho hicho, nikiwa na sharti moja nililokwisha kuwaandikia: nikipiga simu kulalamika, mtu wa kwanza anayepokea asome kiwango cha mwanga kabla hajaniambia nizime ruta. Bado hawajanijibu.