Vituo 18 bila salamu: uzoefu wangu na Diplomacy ya mtandaoni

Nyota mbili kati ya tano. Moja ni ya ramani, maana wameichora vizuri, na nyingine ni ya gemu yenyewe, ambayo haina kosa. Tatu nimezizuia. Programu siitaji jina. Zinazochezesha Diplomacy mtandaoni zipo kadhaa, na wenye hii wakisoma watajijua.

Kwa ambaye hajawahi kukutana nayo: Diplomacy ilibuniwa na Mmarekani Allan Calhamer mwaka 1954, ikaingia sokoni 1959. Ni ramani ya Ulaya kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na wachezaji ni saba: Uingereza, Ufaransa, Ujerumani, Italia, Austria, Urusi na Uturuki. Dadu hakuna, karata hakuna. Kila mmoja anaanza na vikosi vitatu, vya nchi kavu na vya meli, isipokuwa Urusi mwenye vinne. Ramani nzima ina vituo 34, yaani sehemu maalumu za kuteka, na anayefikisha 18 amemaliza kazi. Amri zinaandikwa kwa siri, zinafunuliwa zote kwa mpigo. Sasa utamu uko hapa: kikosi kimoja kina nguvu sawa na kingine chochote, kwa hiyo wawili wakigombea sehemu moja wanagongana na kila mtu anabaki alipokuwa. Ili upite unahitaji sapoti, yaani kikosi kingine kikuongezee nguvu, na mara nyingi mwenye sapoti hiyo ni jirani. Basi unamfuata, mnapanga, mnaapizana. Na hakuna kanuni inayomlazimisha mtu kutimiza alichoahidi.

Mimi ni mtu wa drafti, za Jumamosi jioni pale Miyomboni. Kwenye drafti maneno ni ya kumvuruga mwenzako tu, kete zinaendelea na mambo yake. Hii ilinivutia kwa sababu usipoongea huendi popote. Ndivyo nilivyoaminishwa, angalau.

Tulikuwa watano tunaofahamiana. Mimi Iringa, shemeji yangu Makambako, mwalimu mmoja Njombe, dereva wa lori anayeishi Uyole, na dada mmoja wa Tukuyu ambaye tulisoma naye. Kufungua chumba chetu wenyewe tukatozwa dola 5, zaidi ya elfu kumi za kwetu, nikalipa mimi. Nafasi mbili zilizobaki programu ikazijaza yenyewe na watu wasiojulikana. Kura ikagawa nchi: shemeji Uingereza, mwalimu Ufaransa, dereva Urusi, dada wa Tukuyu Italia. Wageni wakaangukia Austria na Uturuki. Mimi nikapewa Ujerumani.

Hapo nilicheka peke yangu. Kalenda ya gemu inaanza majira ya kuchipua ya 1901, miaka mitatu tu baada ya Mkwawa, chifu wa Wahehe wa huku kwetu Iringa, kujiua ili asitiwe mikononi na Wajerumani, na mimi mtu wa Kihesa ndiye nimekaa Berlin natoa amri. Ramani yenyewe upande wa kusini inaishia Tunis na Afrika Kaskazini, sisi huku hatumo kabisa. Lakini kwenye diplomasia ya kweli Mkwawa yumo: kurudishwa kwa fuvu lake kuliandikwa ndani ya Mkataba wa Versailles wa 1919, na likafika Kalenga 1954, mwaka uleule Calhamer alipokuwa anaunda gemu yake. Nilimwambia dada wa Tukuyu jambo hilo, akanijibu, “Basi ukishindwa usiseme hukuonywa.”

Zamu zilikuwa za saa 24. Mwisho wa kila zamu ulikuwa saa 18:00 ya UTC, yaani saa tatu usiku kwetu, muda mzuri tu. Siku ya kwanza simu haikutulia. Dada wa Tukuyu kila ujumbe wake lazima auanze na “Ugonile”, salamu ya kwao, nami namjibu “Kamwene” ya kwetu, ndipo tunaingia kwenye mambo ya Munich na Tyrolia. Dereva anatuma sauti akiwa barabarani, honi zinasikika nyuma. Shemeji anapanga vita kama anapanga harusi, kila kitu na bajeti yake. Kwa siku hiyo moja ningetoa nyota tano.

Saa tatu usiku amri zikafunuliwa. Austria hakuandika kitu.

Tukadhani amechelewa. Zamu ya pili, kimya. Ya tatu, kimya. Mtu aliingia, akapewa nchi, akaondoka, na programu ikaviacha vikosi vyake vimesimama Vienna, Budapest na Trieste kama magari yaliyoharibikia barabarani. Hakuna mbadala aliyetafutwa. Hakuna aliyetuuliza kama tunataka kuanza upya, na chumba kilikuwa cha kulipia.

Asiyeijua gemu anaweza kuona ni jambo dogo. Austria ndiyo inayomzuia Uturuki asipande Ulaya. Ikiwa hai, inagombania Serbia na Ugiriki tangu mwaka wa kwanza, na Mturuki inabidi amwombe mtu msaada. Ikiwa mfu, Mturuki hahitaji kumwomba mtu yeyote. Anaokota Bulgaria, Serbia, Ugiriki, kisha Rumania, kisha Budapest. Kufikia mwisho wa 1903 alikuwa na vituo tisa. Cha tisa kilikuwa Sevastopol, alichokichukua usiku ambao dereva wetu alikuwa kwenye kona za Kitonga na mtandao umekata. Dereva alipopata mtandao tena zamu ilikuwa imefungwa, Urusi yake imepigwa ikiwa imelala. Programu haina hata dakika tano za huruma, wala huwezi kuacha amri za zamu mbili mbele ukijua utakuwa safarini.

Tukamwandikia Mturuki. Wote watano, kila mtu kwa ujanja wake. Dada wa Tukuyu alimpa ofa nzuri kiasi kwamba mimi niliyekuwa upande wake niliona wivu. Hakujibu hata moja.

Sasa nije kwenye lililoniuma zaidi, nalo ni kioo cha simu. Mikoa 75, nchi kavu na bahari, yote imebanwa kwenye simu ya mkononi. Kutoa amri ya sapoti unagusa sehemu tatu: kikosi chako, kikosi unachokisaidia, na kinakokwenda. Nilipaswa kulitumia jeshi langu la Ruhr kuzisaidia meli za shemeji zitoke Bahari ya Kaskazini ziingie Ubelgiji. Nikagusa Ruhr, nikagusa Ubelgiji, nikadhani programu inasubiri mguso wa tatu. Kumbe imeshaandika: Ruhr kwenda Ubelgiji. Haikuuliza “una uhakika?” Saa tatu usiku jeshi langu na meli za shemeji tukagongana mlangoni, wote tukabaki nje, na mwalimu akabaki na Ubelgiji yake akitucheka.

Shemeji hakupokea simu siku mbili. Nilimtumia picha ya kioo, akajibu kwamba hata yeye angekuwa mwongo angepiga picha. Ilibidi mke wangu, ambaye ni dada yake, ampigie na kumwambia, “Huyu mume wangu namjua, kwenye simu anabonyeza ovyo, juzi alimtumia fundi hela ya ada ya mtoto.” Ndiyo tukapatana. Lakini kwenye ramani tulikuwa tumeshapoteza mwaka mzima, na shemeji kuanzia hapo aliweka meli moja karibu na Denmark yangu ambayo haikuondoka tena.

Nimesoma malalamiko ya watu wanaosema gemu hii inafundisha usaliti na kuvunja urafiki. Mimi usaliti naukubali. Mwalimu alinizunguka 1904, akaniingilia Munich kupitia Burgundy baada ya wiki nzima ya kuniita kaka, na nilimpigia kumpongeza. Alikuwa ameifanyia kazi. Alinisikiliza, akajua ninaogopa nini, akalitumia. Lakini umsaliti vipi mtu ambaye haongei nawe? Na yeye akikupiga, utamdai nini?

Mwaka 1906 Mturuki akafika vituo 15. Tukaelewana, wote waliobaki, tujenge ukuta, na kwa hesabu ulikuwa unawezekana kama mwalimu angeshika upande wa Hispania na Marseilles. Ilikuwa wiki ya kusahihisha mitihani. Akakosa zamu moja, kisha nyingine. Simlaumu, kazi ni kazi, ila programu ilijua saa kumi kabla kwamba hajaweka amri na haikumtumia hata taarifa moja. Taarifa ilizotutumia kila siku ni za kununua vikosi vya rangi ya dhahabu.

Vuli ya 1907, vituo 18. Mturuki ameshinda. Hapo ndipo kwenye sanduku la ujumbe likaingia neno lake la kwanza na la mwisho tangu tuanze: “gg”, kifupi cha “good game”. Herufi mbili kwa gemu nzima.

Niliwaandikia wenye programu nikidai dola zangu. Nikapata jibu la mashine la kunishukuru kwa maoni yangu. Nikaandika tena, likaja lilelile, hata nukta hazikubadilika.

Kama bado unataka kuijaribu, nenda nayo na watu saba kamili mnaojuana, weka zamu za saa 48 kama chumba kinaruhusu, na amri za sapoti zitolee kwenye kompyuta. Mazungumzo yafanyieni WhatsApp, maana sanduku la ndani halipigi kengele.

Sisi tulichukua njia nyingine. Ramani tuliichapisha vipande vinne pale steshenari ya mtaani kwetu, nikaviunga kwa gundi, tukatumia vizibo vya soda vya rangi mbalimbali kuwa majeshi na njiti za kiberiti kuwa meli. Tukakutana Makambako, maana ndipo njia ya Njombe inapoiacha barabara ya Iringa na Mbeya, kila mtu anafika bila kulalamika sana. Wawili waliopungua tukawapata hapohapo: jirani wa shemeji na kijana wa dukani kwake. Dereva alipaki lori, akacheza na koti lake jeusi kubwa, kwa ile baridi ya Julai. Tulianza saa nne asubuhi, giza likatukuta tumefika 1905 tu, kwa sababu kila zamu watu walikuwa wanatoka nje wawili wawili kunong'ona nyuma ya banda la kuku.

Austria alikuwa yule kijana wa dukani. Aliongea mpaka tukamwomba apumzike. Na dada wa Tukuyu, mkono mmoja ananipa ndizi ya kuchoma, mwingine unafunua karatasi yake: Tyrolia kwenda Munich, kwa sapoti ya Bohemia. Bohemia ilikuwa ya yule kijana.

Ramani ipo kwa shemeji, imekunjwa kwenye mfuko wa mchele, vizibo vimeandikwa namba vilipokuwa. Zamu inayofuata bado sijaamua nimfuate nani.