Waranti ya ziada ya gari la umeme: kwa nini sikuilipia hapa Tanga

Gari langu ni Nissan Leaf ya mwaka 2018, betri ya kWh 40 (kipimo cha umeme inaoweza kuhifadhi), mtumba wa Japani. Nalipenda sana na sina mpango wa kurudi kwenye petroli. Kilichonipa kazi ni waranti ya ziada ambayo yadi walitaka niilipie kabla ya kukabidhiwa gari: zaidi ya shilingi milioni 2 kwa miaka 2. "Dada, lipia tu ulale usingizi," muuzaji aliniambia. Nikaomba mkataba wenyewe, si kipeperushi, nikaenda kuusoma nyumbani Chumbageni kwa utulivu.

Nianze na waranti ya kiwandani, maana wanunuzi wengi huambiwa bado ipo. Ni kweli Nissan waliipa betri ya kWh 40 dhamana ya miaka 8 au kilomita 160,000: uwezo ukishuka chini ya vijistari 9 kati ya 12 vinavyoonyesha afya ya betri kwenye dashibodi, wanaishughulikia. Lakini dhamana hiyo alipewa mnunuzi wa kule. Gari likishavuka bahari kama mtumba, huku hakuna mlango wa kwenda kuidai.

Sasa mkataba wa yadi. Betri ya Leaf haipozwi kwa maji kama ya magari mengine mengi ya umeme, hutegemea hewa tu. Joto ndilo adui yake, hasa ukiichaji hadi asilimia 100 kisha ukaliacha gari juani, na joto la Tanga mwezi wa pili tunalijua. Kwa hiyo hofu yangu kubwa si betri kufa ghafla. Ni kupungua uwezo mwaka hadi mwaka, mpaka safari ya kwenda na kurudi Pangani ianze kunipa wasiwasi. Mkataba ulisema wazi kwamba kupungua kwa uwezo wa betri kwa matumizi ya kawaida hakuhusiki. Yaani kile hasa nilichotaka kukilinda kilikuwa nje.

Nikaendelea kusoma. Bushi na shokapu, nje. Breki, nje, na huku pwani diski hushika kutu upesi kwa sababu mota yenyewe ndiyo hufanya sehemu kubwa ya kazi ya kupunguza mwendo. Betri ndogo ya volti 12, nje pia, ingawa hiyo haikunisumbua kwa kuwa ni betri ya kawaida inayouzwa madukani. Oili ya injini, plagi na mkanda wa taimingi gari hili halina kabisa.

Kilichobaki ndani kilikuwa mota, inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uendeshe mota) na chaja ya ndani ya gari. Hapo nakiri waranti ilikuwa na uzito: chaja ya ndani ikifa, huwezi tena kuchaji kwa umeme wa nyumbani, na kipuri chake si cha bei ya kawaida. Ila gereji inayotambuliwa ilikuwa Dar es Salaam, kilomita kama 350 kutoka hapa, na kulifikisha gari huko ni juu ya mteja. Leaf huendeshwa na magurudumu ya mbele, na yakizunguka huizungusha mota pia, hivyo huifungi kamba ukaiburuta. Inapandishwa juu ya roli. Nikamwomba muuzaji aongeze sentensi moja tu, kwamba usafiri wa gari bovu toka Tanga wataulipa wao. Kwenye simu alikubali. Kwenye karatasi hakuandika.

Nikaacha. Kabla ya kulipia gari nilimtafuta fundi mwenye kifaa cha kuchomeka chini ya usukani na programu ya LeafSpy kwenye simu, akanisomea afya ya betri kwa asilimia. Huo ukaguzi nausisitiza kwa kila mnunuzi, mwenye waranti na asiye nayo. Pesa ya waranti nimeitenga benki, haiguswi kwa jambo jingine.

Anayeishi Dar karibu na gereji hiyo hesabu yake inaweza kuwa tofauti kabisa. Anayetaka gari la biashara ya teksi aangalie kwanza kama mkataba unaruhusu, wangu haukuruhusu.

Tangu hapo nimebadilisha bushi za mbele na betri ndogo, vyote vilivyokuwa kwenye orodha ya visivyohusika. Siku wakileta mkataba unaotaja asilimia ya betri na kulipia roli toka Tanga, nitaulipia hata kwa bei ileile.